Ruhusa ya Kutazama na Ruhusa ya Kuhariri: Somo Kutoka Slaidi za Parokia



Siku hizi ukiingia katika kanisa la parokia hapa Moshi, mjini au huku juu migombani, si ajabu kukuta kitambaa cheupe kimetundikwa pembeni mwa altare na projekta imefungwa kwenye nguzo. Nyimbo, kiitikio cha wimbo wa katikati, matangazo na taarifa za michango huonekana hapo. Nyuma ya slaidi hizo kuna faili moja, na nyuma ya faili hilo kuna watu sita au kumi wanaoliandaa pamoja: katibu wa halmashauri, mwalimu wa kwaya, katekista, kijana wa VIWAWA anayejua kompyuta, na wakati wa likizo, frateri. Somo la leo linahusu swali ambalo watu hao huwa hawaulizani: kati yetu, nani abadilishe kilichoandikwa na nani atazame tu?

Nilidhani hilo ni swali la mafundi wa kompyuta. Desemba ya mwaka jana nilijifunza kwamba ni swali la haki.

Wenyeji wa Kilimanjaro wanaijua Desemba yetu. Ndugu wanarudi kutoka Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na nje ya nchi, na Misa za kati ya Noeli na Mwaka Mpya hujaa hadi nje. Parokia hutumia nafasi hiyo kusoma taarifa ya ujenzi na kuwaombea marehemu wa mwaka. Katibu aliniomba niandae slaidi za siku hiyo: michango ya kila jumuiya, picha za paa jipya, na mwishoni slaidi tatu za majina ya marehemu. Niliziandaa kwenye Google Slides, nikachukua linki, nikaiweka kwenye kundi la WhatsApp la kamati lenye watu kumi na wawili. Nikaandika: "Naomba kila mmoja apitie, akiona kosa arekebishe." Kwenye ruhusa nilichagua kwamba yeyote mwenye linki anaweza kuhariri. Niliona huo ndio ushirikiano. Tena, niseme ukweli, nilikuwa mvivu wa kuingiza anwani za barua pepe za watu kumi na wawili.

Jumapili majina yakasomwa kutoka ukutani. Baada ya Misa mama mmoja alinisubiri karibu na groto ya Bikira Maria.

"Frateri, baba watoto wangu hakusomwa."

Watoto wake wanne walikuwa wamesimama nyuma yake, wamesafiri kutoka Dar, na kusikia jina la baba yao likitajwa ilikuwa sababu mojawapo ya safari ile. Nikafungua simu. Jina halikuwepo. Nami nilikuwa na hakika kwamba nililiandika, maana nilinakili kutoka daftari la katekista nikitia alama ya peni kwa kila jina.

Yaliyofuata yaliniumiza kuliko kosa lenyewe. Kabla ya jioni kila mtu alikuwa na maelezo yake kuhusu aliyelifuta. Watu wakakumbuka kwamba marehemu aliwahi kukosana na mjumbe mmoja wa kamati juu ya mpaka wa shamba. Mzee huyo alikuwa mmoja wa wale kumi na wawili, basi ikatosha. Nikafungua historia ya matoleo, sehemu ambayo programu hutunza kila badiliko na saa yake. Ilionyesha kwamba mstari ule ulifutwa Jumamosi usiku, lakini aliyefanya hivyo aliandikwa kama mtumiaji asiyejulikana. Aliingia kwa linki bila akaunti. Kwa hiyo nilijua saa, nikajua na neno lililofutwa, lakini sikuweza kumtetea yule mzee.

Baada ya wiki mbili kijana mmoja wa kwaya alinifuata na kuniambia kwamba saa ile alikuwa amefungua slaidi kwenye kompyuta ya kaka yake, akijaribu kukuza maandishi ili asome vizuri. Hakuona mstari ukiondoka, lakini hakukuwa na namna nyingine. Faili la aina hii halimsubiri mtu abonyeze kitufe cha kuhifadhi. Ukigusa, limeshahifadhi, na kila aliye nalo anaona kile ulichokigusa. Kijana hakuwa na nia mbaya. Mimi ndiye niliyempa kalamu mtu aliyehitaji miwani.

Ni jambo hili lililonirudisha kwenye madaftari yangu ya falsafa. Aristotle, katika kitabu cha pili cha Siasa, anampinga mwalimu wake Plato aliyetaka walinzi wa mji washirikiane kila kitu. Hoja yake ni kwamba kitu cha watu wengi hupata matunzo haba kuliko vyote, kwa kuwa kila mmoja hudhani kuna mwingine anayekiangalia. Katika kundi letu watu kumi na wawili waliombwa kupitia majina. Ninaamini wengi wao walifungua, wakaona kazi imeshikwa na wengi, wakafunga.

Mtakatifu Thoma wa Akwino anaichukua hoja hiyo na kuipeleka mbele. Katika Summa Theologiae, sehemu ya pili ya pili, swali la 66, kipengele cha 2, anauliza kama ni halali mtu kuwa na kitu kama chake mwenyewe. Anatenganisha mambo mawili ambayo mimi niliyachanganya. La kwanza ni uwezo wa kukisimamia kitu na kukigawa. La pili ni kukitumia. Katika usimamizi anasema si halali tu bali ni lazima kwa maisha ya binadamu kila kitu kiwe na mwenyewe, na anatoa sababu tatu: mtu hujibidiisha zaidi kwa kilicho chini ya uangalizi wake, mambo huenda kwa utaratibu kila mmoja anapokuwa na sehemu yake ya kuangalia, na watu hukaa kwa amani zaidi, maana ugomvi huzuka mara nyingi pale vitu vinaposhikwa kwa pamoja bila mgawanyo. Katika matumizi, hata hivyo, anasema mtu asivihesabu vitu kuwa vyake peke yake. Avihesabu kuwa vya wote, awe tayari kuwashirikisha wenye kuhitaji.

Thoma alikuwa akizungumzia mali, nami sitaki kumfanya fundi wa kompyuta wa karne ya 13. Lakini tofauti yake ni ileile iliyopo kati ya ruhusa ya kuhariri na ruhusa ya kutazama. Taarifa ya ujenzi ni ya parokia nzima katika matumizi: kila Mkristo aliyetoa elfu tano ana haki ya kuiona. Hilo si hisani ya paroko. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1287, kifungu cha pili, inawataka wasimamizi wawape waamini hesabu ya mali ambazo waamini wenyewe wamezitoa. Kuiona ni kwa wote. Kuiandika ni kwa aliyepewa jukumu, ambaye likitokea kosa anaweza kuulizwa na kujibu.

Angalia pia ile sababu ya tatu, ya amani. Tunapofikiria kuwazuia wenzetu wasihariri, tunaogopa wataona hatuwaamini. Nilikuwa na hofu hiyo hasa kwa wazee. Frateri wa miaka ishirini na mitano atamwambiaje mzee wa kamati kwamba yeye atatazama tu? Lakini kama yule mzee angekuwa na ruhusa ya kutazama tu, hakuna ambaye angeweza kumshuku hata kidogo. Ruhusa niliyompa kama heshima ndiyo iliyomweka kwenye midomo ya watu. Mipaka ya kuhariri humlinda faili, sawa, lakini humlinda zaidi yule ambaye hana kosa.

Mababu zetu walilijua jambo hili bila kompyuta. Fikiria mfongo. Wageni wa karne ya 19 waliopanda mlima huu waliandika kwa mshangao kuhusu mifereji hii inayochukua maji mtoni huko juu na kuyapitisha kwenye makorongo hadi vihambani. Maji ya mfongo ni ya wote wanaotoka kuusafisha. Kila kihamba kina zamu yake, na mama akienda na ndoo hafukuzwi. Lakini banio, pale maji yanapoingilia, haliguswi na kila mpita njia. Kuna mzee wa mfongo, kuna siku ya kukutana, kuna faini kwa anayefungulia maji zamu isiyo yake. Sijawahi kusikia mtu akisema kwamba utaratibu huo unamnyima jirani maji. Pasipo utaratibu ndipo wa chini hukosa maji, na ndipo watu hulaumiana usiku.

Sasa tuje kwenye utendaji, maana somo bila mazoezi husahaulika. Wengi wenu mnafanya kazi maofisini, shuleni, kwenye SACCOS na hospitalini, na mnatumiana slaidi na wafanyakazi wenzenu karibu kila wiki. Mambo ni yaleyale.

Katika Google Slides, ukibonyeza kitufe cha kushirikisha kilicho juu upande wa kulia, utakutana na mambo mawili tofauti ambayo watu huyachukulia kama moja. La kwanza ni nani anaingia: watu uliowataja kwa anwani zao tu, au yeyote mwenye linki. La pili ni anaingia kufanya nini, na hapo kuna ngazi tatu: mtazamaji, mtoa maoni na mhariri. Usalama unaanza kwa kutoyachanganya haya. Unaweza kabisa kumruhusu kila mwenye linki atazame, na wakati huohuo ukawataja watu wawili tu kwa majina kuwa wahariri. Hivyo ndivyo ningefanya Desemba ile. Na kama tayari umeshasambaza linki yenye ruhusa ya kuhariri, usiogope. Badilisha ngazi hapohapo, linki ileile itaanza kufuata ruhusa mpya bila kutumwa upya.

Ngazi ya katikati, ya mtoa maoni, ndiyo ninayoipenda, na ndiyo tunayoisahau. Mtoa maoni huona kila kitu, huweza kuandika pembeni "jina hili limekosewa" au "jumuiya yetu ilitoa zaidi ya hapa", lakini hagusi maandishi yenyewe. Maneno yake hubaki na jina lake mpaka mhariri ayashughulikie. Kwa wajumbe wa kamati hiyo ndiyo kazi halisi: kusahihisha kwa kusema, kisha mwenye dhamana aandike. Laiti ningeandika "akiona kosa aandike maoni" badala ya "arekebishe".

Kuna mipangilio miwili midogo iliyofichwa nyuma ya alama ya gurudumu la meno katika dirisha hilohilo. Mmoja huamua kama wahariri wanaweza kuwaongeza watu wengine. Usipouzima, kumpa mtu kuhariri ni kumpa pia funguo za kugawa. Mwingine huwazuia watazamaji wasipakue, wasichapishe wala kunakili. Huu wa pili usiuamini kupita kiasi, kwani mtu mwenye simu anaweza kupiga picha kioo. Na nakala iliyokwisha kupakuliwa haifuati tena amri zako.

Kwa wanaotumia PowerPoint na kutumiana faili lenyewe kwa WhatsApp, hali ni nyingine. Hapo hakuna faili moja tena, kuna nakala kumi na mbili. Hakuna atakayeharibu ya kwako, lakini baada ya siku tatu kundi litakuwa na "taarifa mpya", "taarifa mpya ya mwisho" na "taarifa ya mwisho kabisa", na asubuhi ya Jumapili kijana wa projekta hajui ni ipi. Nimewahi kuona ikichaguliwa ile yenye jina refu kuliko zote!

PowerPoint ina njia ya kutangaza kwamba faili limekamilika. Ukifanya hivyo, anayelifungua huona utepe juu unaomwambia kwamba mwandishi amemaliza. Lakini pembeni ya utepe huo kuna kitufe cha kuhariri hata hivyo. Kwa hiyo hicho si kizuizi, ni alama. Nakifananisha na masale tunayopanda mpakani mwa kihamba: hayamzuii mtu wala ng'ombe kupita, ila anayepita anajua kwamba amepita. Kati ya watu wanaoheshimiana masale yanatosha. Ukitaka komeo, hifadhi faili kwa jina jipya kwenye kompyuta ya Windows, na pembeni ya kitufe cha kuhifadhi fungua zana, kisha chaguo za jumla. Utapata nafasi ya kuweka neno la siri la kufungua na lingine la kurekebisha. Asiye na neno la kurekebisha atasoma tu. Faili lako litabaki lilivyo. Na kama mpokeaji hahitaji kubadilisha chochote, kama vile mwalimu anayekwenda kufundisha kwa slaidi zako, mtumie PDF. Ni rahisi, na maandishi hayahamihami akifungua kwa simu.

Upo upande ambao haumo katika programu yoyote. Slaidi za Misa hazifanani na slaidi za taarifa. Katika taarifa, mwenye dhamana anaweza kuandika upya sentensi yake. Katika Misa, hata mimi niliyeandaa faili na mwenye ruhusa zote si mwenye maneno. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Konstitusio juu ya Liturujia Takatifu iliyotangazwa tarehe 4 Desemba 1963, namba 22, unasema kwamba hakuna mtu, hata akiwa padre, anayeweza kwa mamlaka yake kuongeza, kupunguza au kubadilisha kitu katika liturujia. Kanuni ya 846 inarudia jambo hilohilo kwa vitabu vya liturujia. Tafsiri huandaliwa na kuidhinishwa na mabaraza ya maaskofu, kwetu TEC, na kuthibitishwa na Kiti Kitakatifu. Kwa hiyo kijana anayeona Nasadiki ukutani na kudhani kwamba Kiswahili chake kingekuwa kitamu zaidi hivi au vile, hana ruhusa hiyo, nami sina ya kumpa. Ushauri wangu kwa kamati za liturujia ni kuwa na faili moja la sehemu za Misa zisizobadilika, lililokaguliwa na paroko dhidi ya Misale, likafungwa kwa wote. Slaidi za kila wiki zinakiliwe kutoka hapo.

Nisieleweke vibaya. Kuna ugonjwa wa upande wa pili pia, nao unatuhusu sana sisi tunaojiandaa kwa upadre. Ni ule wa mtu mmoja kushika funguo zote. Papa Pius XI, katika waraka Quadragesimo Anno wa mwaka 1931, alifundisha kwamba ni kosa la haki jumuiya kubwa kunyang'anya kile ambacho jumuiya ndogo inaweza kukifanya yenyewe. Ikiwa mwenyekiti wa jumuiya ndiye anayejua michango ya jumuiya yake, kumlazimisha apitie kwa frateri ili tarakimu moja irekebishwe ni kumdharau. Wenzangu fulani walitengeneza faili ambalo kila jumuiya ilikuwa na slaidi yake ndogo katika faili lake, kila mwenyekiti akiwa mhariri wa lile lake tu, na katibu akaziunganisha mwishoni. Napenda mpango huo kuliko wangu. Tena umeme ukikatika, au simu ya mhariri pekee ikizima Jumapili saa kumi na mbili asubuhi, parokia nzima imefungwa. Wahariri wawe wawili, wanaoaminiana na wasiokaa nyumba moja.

Vilevile mwenye faili asiwe frateri. Likizo ikiisha narudi seminarini, na akaunti yangu narudi nayo. Faili la parokia likae kwenye akaunti ya parokia, na linki inayozunguka na majina na namba za simu za watu ipunguzwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyotungwa nchini mwaka 2022 haisemi kwamba kundi la kamati si mahali pa kuzingatia hilo.

Kwa yule mama nilikwenda nyumbani siku ya tatu, nikiwa na paroko msaidizi. Hatukuzungumza habari za ruhusa. Jina la mumewe lilisomwa Jumapili iliyofuata, ingawa watoto wawili walikuwa wameshaondoka kwa sababu ya kazi. Kwa yule mzee nilikwenda peke yangu, na hayo niliyoambiwa nayatunza.

Mwaka huu faili la Desemba limeshafunguliwa. Wahariri ni katibu na mweka hazina. Mimi ni mtoa maoni kama wajumbe wengine, na waamini wote watapewa linki ya kutazama. Juzi yule mzee ameacha maoni kwenye slaidi ya pili ya marehemu, kwa herufi kubwa tupu, kwamba jina la shangazi yake limekosewa herufi moja. Katibu amelirekebisha.